Mama Picha ya Pili

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Picha ya Pili, na baadhi yenu mlimwogopa kwa jina hilohilo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto watano, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli alikofanya kazi baba, akaanza shule mwaka 1965, akahitimu udaktari mwaka 1984 na upasuaji wa mifupa mwaka 1990. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyezoea kula chakula kilichopoa, wakajaliwa binti na mwana.

Tarehe 9 Agosti 1991 alimpokea fundi umeme aliyepigwa shoti, mkono umegeukia ndani, akaagiza eksirei moja ya mbele, akaiona safi, akasema ni msuli tu, akampa mazoezi na kumruhusu, kumbe bega lilikuwa limeteguka kwa nyuma, jambo la nadra ambalo picha ya mbele hulificha. Fundi alirudi baada ya wiki saba, hawezi kugeuza kiganja apokee hata kikombe, akapasuliwa, akapata nafuu, lakini mkono haukufika tena juu ya kichwa, akaacha kupanda nguzo, akawa anatengeneza feni na redio mezani.

Tangu hapo hakuna bega lililopita kwake bila picha ya pili, ya kutokea kwapani, wapiga picha wanung'unike wasinung'unike. Madaktari wa mbali walimletea mabega yaliyowashinda, na hatutamsahau mwashi aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akafika mkono umekwama juu, mapokezi wakadhani anawasalimia, naye dada akaurudisha taratibu, akimtania kwamba ruhusa ya kutoka darasani imekubaliwa.

Figo zilianza kumsumbua Februari 2023, na Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akatutoka, binti yake amemshika mkono. Wiki mbili kabla aliniagiza kosa lile lisomwe hapa, nikabisha, maana marehemu husemwa kwa mema, akajibu kwamba basi atafutwe msomaji mwingine. Nilikwenda kwa fundi kuomba ruhusa, nikitumaini, kusema kweli, kwamba atakataa, lakini akanieleza kuwa zile wiki saba nyumba nzima ilimwita mvivu wa mazoezi, na mwenyewe akaamini, mpaka dada yangu alipofika kwake, akaketi mbele ya mkewe, akakiri kwamba kosa ni la daktari; fundi akasema hajapata dawa iliyomponya kuliko hiyo, kwa hiyo nisome, tena nisome kwa sauti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani mliopika na kuosha vyombo siku zote hizi, wenzake wa chumba cha upasuaji, wapiga picha mliomvumilia, na wewe fundi, uliyeketi hapo mstari wa pili na mkeo. Dada, nimesoma yote kama ulivyotaka, pumzika sasa kwa amani.