Kope Zangu Zilipokataa Kazi

Asanteni kwa kunipa nafasi, wapendwa. Wengi hapa mnanijua kama yule mama wa nguo za watoto pale soko la Muthurwa. Baadhi yenu mlisikia kwamba nakunywa pombe. Msione haya, hata mimi ningewaza hivyo.

Asubuhi nilikuwa mzima. Ikifika saa tisa alasiri kope zinaanguka, mteja mmoja namwona wawili. Nikitaja bei, sauti inatokea puani. Nyumbani Tassia nilishika kidevu kwa mkono ndipo nitafune githeri, mahindi na maharagwe tu. Na kucheka, ndugu zangu, nawaambia, ndiko kulikoniumiza zaidi. Nikicheka, uso ulijikunja kama wa mtu mwenye hasira. Mama mkwe alitoka Vihiga kututembelea, akanitania, nikacheka. Kesho yake akafunga mzigo, akamwambia mume wangu kwamba nimemdharau.

Nilienda zahanati mara tatu, kila mara asubuhi na mapema niwahi foleni. Wananipima, wananikuta sawa, wananiambia ni mawazo.

Jirani yangu sokoni, muuza mapazia, ndiye aliyegundua kosa. Aliniambia, "Mama, unaugua alasiri halafu unajipeleka asubuhi. Twende sasa hivi, ukiwa hivyo hivyo."

Akafunika mapazia yake, akanishika mkono, tukafika hospitali saa kumi. Daktari akaniambia nitazame dari. Kope zikashuka zenyewe. Akaniwekea barafu kwenye jicho moja, tukangoja kidogo. Alipoiondoa, jicho lile lilikuwa limefunguka! Akanieleza kwamba hiyo ni dalili kuwa kinga ya mwili wangu inashambulia pale neva zinapoipa misuli amri. Nililia kwa furaha, jamani. Kumbe ni ugonjwa, na una jina.

Vidonge vilinisaidia, ila si sana. Baadaye daktari akaniambia kuna dawa mpya ya dripu, inayopunguza kwenye damu zile kingamwili zinazonishambulia. Ilikuwa bado kwenye utafiti, na ningeweza kujitoa wakati wowote. Mume wangu akakataa, akasema mimi si panya wa kujaribiwa.

Nikamjibu polepole, nimeshika kidevu, "Baba watoto, nataka kucheka na mama yako."

Kisha akaja nami kwa daktari na maswali yake yote, yakajibiwa, nikatia sahihi.

Wiki ya tatu ya dripu nilitafuna muwa mpaka nikatema makapi. Watoto wakapiga makofi! Mama mkwe alirudi, tukacheka mpaka akajifuta machozi kwa leso. Akaniambia, "Kumbe mwanangu una mwanya."

Sijapona kabisa. Kliniki bado naenda, na kuna siku nachoka. Tena dawa hii haikumfaa kila mtu niliyeanza naye. Lakini namshukuru Mungu, daktari na wauguzi, mume wangu, na muuza mapazia, ambaye amekaa hapo nyuma na amenikataza kumtaja.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sikuficha, nilikosea saa tu. Kwa hiyo, mpendwa, nenda kwa daktari saa ile ile inayokulemea, na uende na mtu aliyekuona.