Aliyefuta Hali ya Kusubiri

Kwenye treni ya asubuhi walikaa mbele yangu waunda programu wawili, dada mmoja na bosi wake. Dada alikuwa amefura kwa hasira.

"Bosi, nani alikutuma ufute hali yangu ya kusubiri kwenye mashine ya kupima pumzi za watoto?"

"Nimerahisisha tu, dada. Kazi ndani ya mashine ama inafanywa, ama iko tayari kufanywa. Ya tatu ya nini?"

"Ya nini! Kazi inayosubiri kipimo haiko tayari, ila wewe umeipanga foleni moja na kazi ya kupiga kengele ya hatari. Prosesa, ubongo wa mashine, inaiita, inakuta haina la kufanya, inaita nyingine kama hiyo, na kengele bado inangoja zamu. Jana wodini ilichelewa kulia kwa sekunde tisa, mtoto mchanga alipoacha kupumua!"

"Lakini mtoto si mzima?"

"Ameokolewa na macho ya muuguzi, si kwa akili zako!"

Bosi akatazama nje dirishani, ingawa tulikuwa ndani ya handaki.

"Tutalijadili kwenye kikao cha Alhamisi," akasema.

"Na mpaka Alhamisi watoto wapumue kwa ratiba yako?"

Treni ikasimama. Bosi akashuka mbio, akasahau koti. Dada akalichukua, akamfuata, bado anauliza.