Mkwe Kwenye Benchi, Damu Mguuni

Wapendwa, nimesimama kushuhudia. Ningeweza kuishia hapo, lakini mnanijua, sikai chini bila kusema.

Nililazwa na nimonia. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, mchimba dhahabu huko Geita, ndiye aliyenipeleka hospitali. Kisha akakaa kwenye benchi, mlangoni kabisa mwa wodi. Haondoki! Nesi akaniambia, "Bibi, homa imeshuka, amka utembee. Ukilala tu, damu itaganda miguuni."

Nitembee vipi? Ndugu zangu, nawaambia, gauni la hospitali liko wazi nyuma. Mimi, Msukuma niliyelelewa nikaleleka, nipite mbele ya mkwe matako nje? Na kumwambia ahame nako ni aibu, atajua naenda chooni. Nikalala kama gogo. Nikaambiwa nichezeshe basi hata nyayo, nikagoma.

Shavu la mguu likavimba, la moto, linauma. Binti yangu akaleta maji ya moto anikande. Nesi akapiga kelele, wodi nzima ikashtuka: "Usikande! Acha!"

Daktari akapima. Damu imeganda, bonge likichomoka likaenda kwenye mapafu, ninakufa. "Mayu, mama yangu, kwa nini hukutembea?"

"Nina mkwe mlangoni."

"Basi heshima hiyo utazikwa nayo."

Wapendwa, niliogopa. Wakanichoma sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, hapa tumboni, na tumbo lenyewe mnaliona, hawakukosa pa kuchoma. Daktari aliporuhusu nitembee, binti yangu akanifunga kanga mbili, akaenda kumnong'oneza mumewe. Yule kijana akainuka, akageukia ukuta, paji la uso limegusa rangi. Nikapita. Nikirudi, bado yuko ukutani. Wageni wakadhani amefiwa. Mama mmoja akampa pole na maandazi. Akayala!

Namshukuru Mungu, daktari, binti yangu, na nesi mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Na wewe mkwe wangu, popote ulipo, sasa unaujua ule ukuta kuliko fundi aliyeujenga.

Ukilazwa, uliza: nifanye nini damu yangu isigande? Wakikuruhusu kuamka, amka. Mguu mmoja ukivimba, usikandwe, mwite nesi.

Haya, nyie mliokaa tangu asubuhi mnanicheka, inukeni tumwimbie Mungu na kumchezea ngoma. Miguu hiyo!