Uzi wa Aina ya Tatu: Maisha ya Mwalimu Muthoki Muindi

Wachungaji, wazee wa koo zote mbili, walimu, wanafunzi wa zamani na waombolezaji wote mliofika hapa Tawa, haya ndiyo maisha ya Mwalimu Muthoki Muindi, yanayosomwa na kaka yake, Nthiwa, kwa agizo la marehemu mwenyewe kwamba asome yeye wala si mtu mwingine.

Muthoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1967 huko Kanyangi, Kitui, binti wa pekee wa marehemu Mzee Muindi na marehemu Mama Kathini, na tangu utotoni ngozi yake ilikuwa nyembamba hivi kwamba mishipa ya mikono ilionekana waziwazi, naye Nthiwa alikuwa akiifuata kwa kidole akiipa majina ya mito, huu Tiva, huu Thwake, huu Athi, huku dada yake akicheka hadi machozi. Akigongwa kidogo tu alivilia damu na kubaki na alama nyeusi, kwa hiyo alikatazwa kuruka kamba, akawa anakaa na mama kusokota katani, na siku zile, jamani, zilikuwa tamu.

Alisoma shule ya msingi hapo Kanyangi hadi 1980, akamaliza kidato cha sita 1986, akahitimu ualimu wa biolojia 1990, na Januari 1991 akaajiriwa Kyuso, kabla ya kuhamishiwa Tawa mwaka 1994. Wanafunzi wake watakumbuka alivyoingia darasani na kamba ya katani ya nyuzi tatu, akieleza kwamba kolajeni, protini inayoushikilia mwili, imesokotwa vivyo hivyo, aina ya kwanza ikishikilia mifupa, kano na ngozi, ya pili ikiwa kwenye gegedu linalozuia mifupa ya goti isisagane, ya tatu ikiimarisha kuta za mishipa ya damu na matumbo, na ya nne ikiwa kwenye utando mwembamba unaosaidia figo kuchuja damu. Waliomletea unga wa kolajeni unaouzwa mjini aliwaambia kwamba tumbo litausaga kama nyama nyingine yoyote, afadhali wanywe supu ya miguu ya mbuzi, angalau ina chumvi.

Baada ya ntheo, sherehe ya mbuzi wa posa, Desemba 1992, alifunga ndoa kanisani tarehe 21 Agosti 1993 na Bwana Musyimi, seremala wa hapa Tawa, wakajaliwa Mumbua mwaka 1996 na Kitheka mwaka 1999. Lakini Desemba 1995 Nthiwa alimwona dada yake na alama nyeusi mikononi, akasahau zile alama za utotoni, akaita wazee, na ingawa Muthoki aliapa kwamba hajaguswa, walisema wanawake huwafichia waume zao, wakaitazama mikono mipana ya seremala, wakamtoza mbuzi dume. Musyimi alimtoa mbuzi huyo kwa kuhofia mkewe asirudishwe Kanyangi, na tangu hapo, kila alipofika kwa wakwe, alisalimiwa kwa ncha za vidole.

Machi 2017 mshipa ulipasuka tumboni akiwa darasani, akafanyiwa upasuaji Nairobi, na vipimo vilivyopelekwa ng'ambo vikaonyesha kwamba mwili wake uliunda kolajeni dhaifu ya aina ya tatu, kasoro aliyozaliwa nayo. Alicheka, akisema amefundisha aina hiyo miaka ishirini na sita bila kujua ndiyo iliyompungukia, kisha akalia kwa ajili ya Musyimi, akamwomba kaka yake awaite wazee walisafishe jina la mumewe, na Nthiwa akaahidi, akawa anaahirisha kila Desemba. Tarehe 6 Februari 2025 mshipa mwingine ulipasuka, akafariki njiani kuelekea hospitali, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomwongezea karibu miaka minane, majirani waliochota maji na kupika siku zote hizi, kanisa, na walimu wenzake.

Karatasi inaishia hapo, sasa naomba niseme mwenyewe. Musyimi, shemeji yangu, hukumpiga dada yangu, mimi ndiye niliyekusingizia, na nyama ya mbuzi yule niliila, na mbele ya koo hizi mbili naomba unisamehe. Mumbua amerithi uzi wa mama yake, naye anaolewa mwezi wa nane, basi mkiona alama mwilini mwake, muulizeni, na atakalosema liaminiwe.

Pumzika kwa amani, Muthoki, nimechelewa, lakini nimesema.