Bi Nywila, Aliyezilinda Kompyuta na Watu Wake

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Nywila, alizaliwa tarehe 9 Machi 1971, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga. Baada ya sekondari ya bweni alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu fani ya kompyuta mwaka 1994.

Aliajiriwa katika hospitali ya hapa mjini. Jina la utani alilipata huko, kwa kubandua vikaratasi vya nywila, yaani maneno ya siri ya kufungulia kompyuta, ambavyo watu walibandika kwenye skrini zao. Kimoja kilikuwa cha mfamasia mpole.

"Bwana, umeacha mlango wazi," alimwambia.

"Basi karibu ndani," mfamasia akajibu.

Walifunga ndoa Desemba 1998. Shemeji yetu anakiri kwamba alibadilishiwa nywila kila walipoadhimisha harusi yao.

Mwaka 2017 wezi wa mtandaoni walizifunga kompyuta za hospitali. Karani wa mapokezi, binti mjamzito, alikuwa amefungua barua pepe ya uongo iliyojifanya imetoka kwa mkurugenzi. Kikaoni wakubwa walitaka afukuzwe. Dada alisimama.

"Huyu alidanganywa," alisema. "Lakini mwizi alipita pia kwenye mashine kuukuu ambazo hatukuzisasisha, ingawa niliomba. Binti huyu alipoona mambo yameharibika, alinipigia simu palepale, nikawahi kuziokoa kompyuta za wodi ya watoto. Mkimfukuza, kesho mwenzake atakosea na kunyamaza. Kama lazima mtu aondoke, nianze mimi."

Mkurugenzi akashusha pumzi: "Kaa chini, Bi Nywila. Haondoki mtu." Mashine mpya zilinunuliwa mwaka uleule, na binti yule yuko mapokezi hadi leo.

Agosti 2023 dada aligundulika kuwa na saratani ya ini. Utani haukumwisha, alimuuliza daktari kama mashine ya kumpimia imesasishwa. Karani alikuja kila alipotoka kazini, akamchana nywele na kumsomea magazeti. Siku moja dada alimshika mkono, akatuambia, "Huyu naye mwandikeni na wanangu." Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 14 Juni 2024, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, mama mzazi, wadogo zake watatu, mjukuu mmoja, na watoto: wawili aliowazaa, na binti wa mapokezi.

Zamu yako umeimaliza, dada. Pumzika kwa amani.