Basi Lililozuiwa Rwamishenye: Maneno ya Kwaya ya Kyamirembe kwa Mratibu wa Kanda

Mgeni rasmi, Ndugu Josia Byabato, Mratibu wa Dharura za Afya katika kanda yetu. Viongozi wa serikali na wa dini mliofuatana naye. Wauguzi wa kituo. Wazazi, majirani, nanyi watoto mliopanda ukutani mtuone vizuri: kwa salamu ya Kihaya, kasinge waitu!

MAKARIBISHO

Sisi wanakwaya wa Kigango cha Kyamirembe, Wilaya ya Muleba, tumepewa heshima ya kukukaribisha kwa niaba ya wananchi wote. Umekuja kufungua chumba kipya cha kutengea wagonjwa, nasi tumefurahi kuliko wengine, maana ndio tuliokuwa watu wa kwanza kutengwa hapa kijijini, tena chumba chenyewe kikiwa bado hakijajengwa. Tulitengwa ukumbini, juu ya mikeka, wanaume upande wa jukwaa na wanawake upande wa jiko. Ukihitaji maoni ya watumiaji, umefika penyewe.

Tumeambiwa risala isizidi dakika kumi. Mwalimu Rutaihwa, mwongozaji wetu, ameshika saa.

HISTORIA NA MAFANIKIO

Kwaya ilianza na watu tisa na ngoma moja. Leo tuko thelathini na wanane, tuna sare mbili za kitenge, na tumeimba harusi nyingi kuliko tunavyokumbuka. Sauti yetu ya kwanza inasifiwa hadi Bukoba mjini. Sauti ya nne, yaani besi, inasifiwa kwa kuunguruma na inalaumiwa kwa kuchelewa mazoezi.

Mafanikio yetu makubwa yalikuwa mwaliko wa mashindano ya kwaya huko Masaka, nchini Uganda, Julai mwaka jana. Wenzetu kumi na wawili wa Masaka walitangulia kuja kwetu, wakakaa wiki nzima tukifanya mazoezi pamoja. Kila asubuhi tulikunywa uji wa mahindi. Walipoondoka tukawapa zawadi ya unga kilo kumi, nasi tukabaki kunyoosha sare.

JAMBO LILILOTUPATA

Mgeni rasmi, hapa ndipo tunaomba utusikilize kwa makini.

Alhamisi ya safari yetu, Dada Alistidia Kagaruki alikuwa likizo nyumbani kwao Ijuganyondo, pembeni mwa Bukoba, anapalilia migomba pamoja na mama yake. Wengi hapa wanamjua. Ni mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko, na kazi yake ni kutambua mapema ugonjwa unaoweza kuvuka mipaka na kuupima uzito wake. Simu ikalia. Alikuwa Nesi Jovina wa kituo hiki.

"Dada, nimepokea wanakwaya wawili. Mmoja anatoka damu puani tangu jana, mwingine fizi."

"Homa?"

"Hakuna. Lakini wenzao wameondoka alfajiri. Wanapitia Bukoba, halafu mpakani Mutukula, halafu Uganda."

Hajaweka simu mfukoni, ikalia tena. Safari hii ni mwenzake wa kazi kutoka ng'ambo ya mpaka. Mama mmoja aliyetoka Muleba juzi analazwa, anatoka damu kwenye fizi na haikatiki.

Wagonjwa wa damu pande mbili za mpaka, saa moja ile ile. Alistidia alitupa jembe, akapanda bodaboda akiwa na mabuti ya shamba na matope hadi magotini. Alitukuta Rwamishenye, basi letu limesimama tukinunua maji. Akaenda kusimama mbele ya basi, katikati kabisa.

Mwalimu Rutaihwa akachungulia dirishani. "Binti, una shida gani?"

"Naomba basi lisiondoke, na mtu asishuke."

"Wewe ni nani?"

"Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko."

"Na mimi ni askofu," akasema mtu wa besi kutoka nyuma, basi zima likaangua kicheko. Mgeni rasmi, tulicheka sana. Tuliacha kucheka pale Joanitha alipotoa kitambaa usoni. Joanitha ni mwimbaji wetu wa kiitikio, na ndiye huyu anayekusomea risala hii. Kitambaa kilikuwa chekundu, naye alikuwa ameficha jambo hilo tangu Kemondo ili tusimwache nyuma.

Alistidia alitueleza palepale, akipaza sauti kupitia dirishani. Alisema kuna maswali manne anayoyauliza. Je, jambo ni zito? Je, si la kawaida? Je, linaweza kuvuka mpaka? Je, linaweza kuzuia safari na biashara za watu? Majibu mawili tu yakiwa ndiyo, taarifa inakwenda juu siku hiyo hiyo, na nchi ina wajibu wa kuyaarifu mataifa.

"Na letu lina ndiyo ngapi?" akauliza Mwalimu.

"Hadi sasa nne."

Alikuwa ameingiza mikono mfukoni. Tulidhani ni dharau. Baadaye alituambia kwamba alipokuwa amesimama pale aliomba moyoni awe amekosea.

Basi likageuzwa. Sare zikabaki zimekunjwa. Tukaingia ukumbini, na kwa siku sita hatukutoka.

Siku hizo zilikuwa ngumu, hatufichi. Bodaboda waliacha kupita barabara yetu. Wanunuzi wa ndizi kutoka Bilele waliposikia jina Kyamirembe waligeuza gari, na mikungu ikaivia mashambani. Mtu alikuwa akikusalimu kwa mkono akiwa upande wa pili wa bonde. Siku ya tatu hasira ilitushika. Tukasema huyu binti anatafuta sifa. Tukaomba karatasi, tukaandika barua kwenda ofisini kwako, Mgeni rasmi, tukidai ametudhalilisha na kuzusha taharuki bila ushahidi. Ta Ishengoma, mzee wetu mtunza stoo, alikuwa wa kwanza kuweka sahihi. Zikafika thelathini na moja.

Sisi tukiandika, yeye alikuwa anauliza. Aliingia ukumbini amevaa mavazi meupe ya kujikinga, tukimwona macho tu, na maswali yake yalichosha. Umelala wapi? Umekula nini? Nani alikuhudumia? Unaimba sauti ya ngapi?

"Sauti inahusiana vipi na damu?" Mwalimu akamuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Ndiyo maana nauliza."

Siku ya nne asubuhi alikuja na jedwali alilochora nyuma ya tangazo la ndoa. Wagonjwa walikuwa kumi na wanne. Sauti ya kwanza sita, ya pili wanne, ya tatu watatu. Besi, mmoja tu.

"Ninyi wa besi," akasema, "asubuhi mlikuwa mnakula nini?"

"Hatuli. Tukifika uji umekwisha."

"Na huyu mmoja aliyeugua?"

"Huyo analala kwa Mwalimu, mlango unaofuata jiko. Ndiye peke yake anayewahi."

Alistidia akamgeukia Ma Evodia. Ma Evodia ni sauti ya kwanza, tena ndiye aliyemfuta Joanitha damu kwa mikono mitupu ndani ya basi, akamlaza mapajani hadi Kyamirembe. Hakuwa na hata mafua.

"Ma Evodia, wewe uji ulikunywa?"

"Uji? Mimi si mgonjwa. Nilikuja na katogo yangu ya ndizi kutoka nyumbani kila siku."

"Ugonjwa wa kuambukizana ungeanza na Ma Evodia," Alistidia akasema, kama anayejisemea. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Ta Ishengoma, stoo yenu ina panya?"

Ta Ishengoma akatazama dari. "Walikuwapo, waitu."

"Wamekwenda wapi?"

Mzee wa miaka sitini na minne akaanza kulia mbele yetu sote. Panya walikuwa wanatafuna sare. Alinunua sumu nyekundu ya unga sokoni, akaichanganya na mahindi kwenye debe, akaliweka pembeni bila kumwambia mtu. Kamati ya chakula ikaliona debe, ikalimimina kwenye gunia, gunia likaenda mashineni. Unga ulitoka na wekundu kidogo, tukadhani ni vumbi la barabara yetu. Siku ya pili ya karantini alianza kuhisi kwamba ni ile sumu. Akanyamaza, kwa aibu na kwa kuogopa polisi. Na aliponyamaza, akatia sahihi.

Sisi tulinyanyuka tukitaka kumfokea. Alistidia alituashiria tukae, naye akaketi mkekani karibu na mzee. Hakumlaumu. Alimuuliza jambo moja.

"Baba, unga uliobaki uko wapi?"

"Magunia mawili yako kwenye buti la basi. Tulikuwa tunakwenda nao Masaka."

"Ni hayo tu?"

"Na zile kilo kumi tulizowapa wageni."

Alipiga simu ng'ambo akiwa amesimama mlangoni, na tulimsikia akirudia neno "unga" mara nne. Mfuko ulipatikana jikoni kwa parokia yao, bado umefungwa kamba. Ulikuwa umepangiwa watoto wa chekechea, Jumatatu yake.

Mchana ule ule madaktari wakaanza kutuchoma sindano za vitamini K, ambayo inarudishia damu nguvu ya kuganda, na wenzao wa Uganda wakafanya hivyo kwa wagonjwa wao. Joanitha, aliyekuwa hawezi hata kuketi, kesho yake aliomba ndizi na dagaa. Siku ya sita majibu ya maabara yakatoka. Virusi vya homa ya kutokwa damu, tulivyoviogopa, havikuwamo kwa mtu hata mmoja, na unga ulipopimwa ukakutwa na sumu ya panya. Hakufa mtu hapa, wala Masaka. Alistidia akaandika taarifa ya pili kwenda juu, kuifunga ile ya kwanza, kisha akarudi Ijuganyondo kumalizia migomba ya mama yake.

Ta Ishengoma alihojiwa, akaonywa, akarudi kwetu. Stoo sasa inatunzwa na Ma Evodia.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, changamoto za kawaida tunazo. Barabara unaijua, umeipita leo. Tutaitaja moja tu.

Barua yetu ilikimbia kuliko majibu ya maabara. Sisi baada ya kupona tulisahau kabisa kwamba tuliituma. Miezi mitatu baadaye ndipo Nesi Jovina alipotueleza kuwa Dada Alistidia alipewa onyo la maandishi na kuondolewa kazi za kufuatilia milipuko, na sasa anapanga mafaili masjala, Bukoba mjini. Sababu iliyoandikwa ni kuzusha taharuki kwa tukio ambalo halikuwa mlipuko. Maneno hayo, Mgeni rasmi, ni yetu. Tuliyatambua hadi nukta.

Wewe hatukulaumu. Ofisi ilisoma ilichoandikiwa na wananchi thelathini na mmoja. Lakini tukueleze kinachoendelea huku. Februari mama mmoja alileta mtoto anayetoka damu puani. Nesi Jovina alishika simu, akaiweka, akaishika tena kesho yake. Ilikuwa harage, mtoto alilisukumiza puani. Tulicheka, yeye hakucheka. Alisema, "Siku hizi nikiona damu, nafikiria barua kwanza." Siku nzima ilipita, Mgeni rasmi. Safari nyingine huenda isiwe harage.

Alistidia hakutuambia pale mbele ya basi kwamba tuna ugonjwa fulani. Alituambia hajui, na kwamba hatutavuka mpaka hadi ajue. Angengoja uhakika, tungejua sisi tukiwa jukwaani Masaka, na watoto wa watu wangekuwa wameshakunywa uji.

MAOMBI

Rasimu ya kwanza ya risala hii ilikuwa na maombi saba, likiwamo la kinanda. Kikao cha Jumapili kimeyafuta yote, kwa kura, ili tuwe na moja tu.

Tunaomba utupokelee barua mpya. Inafuta ile ya mwaka jana, inaeleza yaliyotokea kwa tarehe zake, na inaiomba ofisi yako imwondolee Dada Alistidia Kagaruki onyo lile na kumrudisha kwenye kazi yake. Ina sahihi thelathini na nane. Ya kwanza ni ya Ta Ishengoma, ambaye ndiye anayesimama sasa kukuletea. Anatembea polepole, tunaomba umsubiri.

Dada Alistidia yupo hapa, safu ya tatu, mwenye gauni la bluu. Tulimwalika kuja kusikiliza nyimbo, hakujua tumeandika haya. Dada, usiinamishe kichwa. Tulikukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hawa hawa tunakuomba radhi.

Mgeni rasmi, Mungu akusafirishe salama na aibariki kazi ya mikono yako. Awape ujasiri wanaopiga simu mapema, na subira wanaozipokea. Nasi atujalie, tukizuiwa safari nyingine, tuulize kwanza kabla ya kuomba karatasi.

Ni sisi, wako watiifu,
Wanakwaya wa Kigango cha Kyamirembe, Muleba,
sauti zote nne, na leo hata besi wamewahi.