Nane au Themanini

Kona yetu ina benchi moja refu, mguu wake mmoja umeegemezwa kwa tofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu tunayemwita Soli. Birika la kahawa hukaa kwenye jiko kando yake, na kila anayekuja huja na kikombe chake. Alasiri ile tulikuwa wanne: Soli mwenyewe, sindano mkononi, Bima, dereva wa teksi, aliyepata jina hilo kwa sababu huiona ajali kabla haijatokea, mimi, mwalimu mstaafu wa darasa la tano, na Sista. Sista si nesi bado. Miaka kumi na moja amekuwa akideki wodi ya watoto. Sasa chuo kimempa nafasi ya kusomea uuguzi, kwa sharti moja: keshokutwa asubuhi afanye mtihani mfupi wa hesabu. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Magotini alikuwa na kitabu changu cha darasa la tano, amekijalidi kwa gazeti ili watu wasijue anasoma nini.

— Sista, huo ukurasa utautoboa kwa macho, — alisema Soli.

— Nilikuwa naijua hii, Mzee Soli. Haki ya nani, nilikuwa naijua.

— Sasa imekwenda wapi?

— Sijui. Nikiiona nukta ya desimali tu, viganja vinatoka jasho.

— Hesabu ni kama ngozi. Usipoipaka mafuta, inakakamaa. Yako imekaa miaka ishirini kavu. Ukiikunja leo, inakatika.

— Bora hiyo inayokatika! — Bima akadakia. — Mimi najua kichwa kikishapita miaka thelathini hakina nafasi tena. Ukiingiza desimali, kitu kingine kinatoka. Abiria wangu mmoja alirudi chuo, akajifunza kipeuo cha pili. Jioni kapanda teksi yangu, tumezunguka weee, hajui kwake ni wapi.

— Bima, usinitishe.

— Sikutishi, dada'ngu, nakuonya. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Sasa asiyekwenda kabisa je? Huyo hata viatu haviishi.

— Viatu visipoisha mimi nitakula nini? — Soli akang'aka. — Nenda, Sista. Haba na haba hujaza kibaba. Hata ukikosa moja moja, mwisho kibaba kitajaa.

— Kitajaa makosa, — alisema Sista. Alicheka, kisha akaurudia ukurasa ule ule.

— Na huko chuoni siku hizi hakuna hata namba, — Bima akaendelea, ameinama kama anayetoa siri. — Ni herufi tupu. Unajua kwa nini? Namba zimekwisha. Wasomi wamezitumia zote. Ndiyo sasa wameivamia alfabeti.

— Toka hapa!

— Muulize Mwalimu.

— Mwalimu, zimekwisha? — Sista akaniuliza.

— Zipo, — nikasema. — Kunywa kahawa yako.

Hakunywa. Alikiweka kikombe chini, akakifunga kitabu, kidole kikabaki ndani.

— Mnadhani naogopa kufeli. Sawa, kufeli naogopa. Lakini mwaka juzi nilikuwa nadeki chini ya kitanda cha sita. Nesi mwanafunzi akasoma kipimo cha dawa, nukta akairuka. Nesi mkuu alimdaka mkono sindano iko hewani. Mtoto wa miezi minne. Mimi niko chini na dekio langu, naona miguu tu ya yule mwanafunzi, inavyotetemeka. Tangu siku ile nikiona nukta naiona ile miguu. Halafu ni yangu.



Ndipo akaja mama mmoja tusiyemjua, mtoto amelala begani, mkanda wa kiatu umekatika. Soli akampisha akae, akaanza kushona. Mama akatoa chupa ya dawa mfukoni, akaigeuzageuza.

— Samahanini wenyewe. Dukani palikuwa na foleni, nimesahau kuuliza. Anakunywa mililita mbili na nusu, mara tatu kwa siku. Chupa ina mililita sitini. Itatosha siku ngapi?

Soli akaiangalia sindano yake. Bima akasema inategemea mtoto mwenyewe, na hali ya barabara. Kisha wote wakanitazama mimi, nami nikamtazama Sista. Ni mazoea ya darasani: swali likiulizwa, mwalimu ahesabu kimya mpaka ishirini kabla ya kufungua mdomo. Sikuwahi kuyajutia mazoea hayo mpaka siku ile.

Sista akachukua chaki ya Soli na mfuniko wa boksi la viatu. Mbili na nusu mara tatu, saba na nusu. Sitini gawanya kwa saba na nusu. Akaiondoa nukta. Akaongeza sifuri.

— Themanini, — alinong'ona.

— Siku themanini? — Uso wa mama ukafunguka. — Basi ni nyingi! Kaka yake naye anakohoa, nitawagawia wote wawili.

Akavaa kiatu, akashukuru, akaondoka.

Nilikuwa nimefika kumi na tatu. Nikainuka, kahawa ikanimwagikia gotini. Lakini Sista alikuwa ameshasimama.

— Chupa yenyewe inaenea kiganjani, — alijisemea. — Siku themanini? — Kisha akapaza sauti: — Mama! Mama wa kiatu! Ngoja!

Mama akageuka katikati ya barabara, akarudi hatua kwa hatua.

— Nimekosea. Niliongeza sifuri mbili, ilitakiwa moja. Ni nane.

— Nane au themanini?

— Nane.

— Una uhakika?

Sista akapiga magoti pale pale vumbini, akaandika saba na nusu mara nane, moja chini ya nyingine, akazijumlisha kwa kidole, midomo ikitembea. Akarudia kutoka chini kwenda juu.

— Sitini, — alisema. — Nina uhakika. Siku nane, na ni za huyo mmoja tu. Usimpe kaka yake.

Mama akaikunjua karatasi ya daktari.

— Mbona hapa wameandika siku kumi? Basi haitoshi.

Akageuza njia kurudi dukani, anakwenda mbio, mkono umeshika kichwa cha mtoto.

Soli akaliinamisha birika. Likatoa tone moja, likakata.

— Si umepata! — alisema Bima.

— Na kama angeshakata kona?

Nikahesabu mpaka ishirini.

Sista akajipangusa vumbi magotini, akaketi. Akalichana lile gazeti kwenye jalada, akalitupa kwenye jiko la kahawa, akakifungua kitabu mbele ya kila mtu.

— Mwalimu, nipe nyingine. Yenye nukta.